Mmea wa Ufuta Uzaao Sana: Tuutambue kwa Alama Zipi?

Katibu wa chama cha msingi huuona ufuta mara ya kwanza unapofika mizani, nao umekwisha kutiwa guniani. Wakati huo kilo zimekwisha kuamuliwa shambani, wala hakuna kalamu iwezayo kuziongeza daftarini. Kwa sababu hiyo yafaa makatibu, hasa wa upande wa Mkange na ng'ambo ya kaskazini ya mto Wami, waelewe jinsi mmea wenyewe unavyojenga uzito wa mbegu.

Ufuta, ambao sisi watu wa pwani twaufahamu zaidi juu ya mkate na katika kashata, hubeba mbegu ndani ya vitumba, yaani vile vijumba vyenye kingo viotavyo kwenye makwapa ya majani. Mazao ya mmea mmoja hutokana na mambo matatu: idadi ya vitumba, idadi ya mbegu katika kitumba, na uzito wa mbegu. Mathalani, mmea wenye vitumba 60, kila kimoja kikiwa na mbegu 60, una mbegu 3,600. Mbegu 1,000 huwa na uzito wa gramu 3 hivi. Basi mmea huo una gramu 10.8. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 20 huchukua mimea 40,000 na ushei, nayo ingetoa kilo 430 na zaidi. Hiyo ni hesabu ya karatasini, kwani ukame na wadudu nao wana fungu lao, lakini yatuonyesha pa kutazama.

Watafiti wa nchi nyingi wamepima jambo hili, na mara nyingi wameona kwamba idadi ya vitumba ndiyo yenye nguvu kuliko mengine. Uzito wa mbegu hautofautiani sana baina ya mmea na mmea. Vitumba vyaweza kuwa 20 hapa na zaidi ya 100 hatua chache mbele.

Wakulima wengi husifu urefu. Urefu na matawi vina faida pale tu vinapoongeza mahali pa kuota vitumba. Mmea mrefu ambao kitumba chake cha kwanza kimeanzia kiunoni mwa mtu ni bua tupu. Afadhali ule unaoanza kuzaa chini, wenye makwapa yaliyokaribiana. Tena ziko aina zitoazo vitumba vitatu katika kwapa moja badala ya kimoja.

Hapa pana mtego. Mmea ulio pembeni ya shamba, au penye pengo, hutawanya matawi kwa kuwa umepata nafasi na mwanga, si kwa asili yake. Ukiutwaa kuwa mbegu, watoto wake hawatakuwa na matawi hayo watakapobanana. Mmea wa kuchagua ni ule uliozaa sana katikati ya wenzake, katika msongamano ule ule.

Alama nyingine husahauliwa: kukomaa kwa pamoja. Vitumba vya chini hukauka na kupasuka hali vya juu vingali vibichi, na mbegu humwagika chini. Mwaka 1943 huko Venezuela, mtaalamu Langham aligundua mmea ambao vitumba vyake havikupasuka. Lakini kupura ufuta wa namna hiyo kwa mkono ni taabu. Ufuta wetu hupasuka, hivyo ukatwe majani ya chini yanapogeuka manjano na kupukutika, ufungwe matita, na kusimamishwa juu ya turubai.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina bora, kama Lindi 02 na Ziada 94. Mwanachama aliyeipata mbegu hiyo aitenge na ufuta mwingine shambani, kwani ingawa ua la ufuta hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, nyuki huchanganya.

Uchaguzi ufanyike kabla ya kukata. Mimea iliyochaguliwa ifungwe uzi wa rangi, ikatwe peke yake na kupurwa peke yake. Anayechota mbegu katika lundo lililokwisha kupurwa huchota mchanganyiko wa mimea mizuri na mibaya. Katibu amkumbushe mwanachama kuandika jina la aina na msimu juu ya mfuko huo, na kuuacha nyumbani siku ya kupeleka ufuta wa mnada ghalani.