Henry Wellcome: Vidonge, Neno na Wasia

Neno “tabloidi”, ambalo leo huitwa magazeti ya kurasa ndogo, asili yake ni biashara ya dawa. Lilibuniwa na Henry Wellcome, kwa kuunganisha “tableti” na “alkaloidi”, likasajiliwa mnamo 1884 kuwa nembo ya kampuni yake. Washindani walipolitumia, kampuni ilienda mahakamani mwaka 1903 ikashinda. Hata hivyo, wazungumzaji wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kulichukua kwa maana ya kitu chochote kilichofupishwa, habari zikiwemo. Kiswahili hakikuhitaji msajili: donge lilitiwa kiambishi ki- cha udogo, likawa kidonge.

Wellcome alizaliwa mwaka 1853 katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Alisomea ufamasia Philadelphia, na mnamo 1880 akaanzisha kampuni jijini London pamoja na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs. Wakati huo wafamasia wengi walipima unga na kufinyanga dawa kwa mkono. Vidonge vilivyoshindiliwa kwa mashine vilikuwa na kipimo kimoja, tena vilibebeka safarini.

Hapa ndipo maisha yake yanapogusa Afrika. Masanduku ya dawa za kampuni hiyo yalibebwa katika msafara wa Henry Morton Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, uliopitia Kongo mwaka 1887 na kufika Bagamoyo mwishoni mwa 1889. Stanley aliyasifu, na sifa hizo zikawa tangazo zuri la biashara. Mamia ya wapagazi walioajiriwa Zanzibar kwa msafara huo walikufa njiani. Tangazo halikuwa na nafasi yao. Ukarimu wa Wellcome, basi, hauwezi kusomwa kando na ukoloni uliomfungulia soko.

Hata hivyo, si haki kumwona kuwa mchuuzi tu. Alianzisha maabara za utafiti, na Henry Dale, aliyefanya kazi humo kuanzia 1904 hadi 1914, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Mwaka huohuo Wellcome alifariki. Wasia wake uliweka hisa zote za kampuni mikononi mwa wadhamini, ili faida igharamie utafiti wa afya ya binadamu na wanyama. Wadhamini hao waliziuza hisa hizo kwa awamu, zilizosalia zikienda kwa Glaxo mwaka 1995, nao mfuko ukabaki.

Mnamo 1989, karne moja baada ya msafara wa Stanley kufika pwani, fedha za mfuko huo zilianza kugharamia utafiti wa malaria Kilifi, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI.