Mvua Ikikataa, Nani Hulipa?

Nilikuwa bwana shamba Meatu, wakati wilaya hiyo ingali chini ya mkoa wa Shinyanga, kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012. Kazi yangu ilikuwa kupima mvua, kukagua pamba na kuwasihi wakulima wapande mtama badala ya kung'ang'ania mahindi. Daftari langu lilikuwa la milimita na magunia. Lakini ukikaa Usukumani na daftari la namna hiyo, utaona kwamba mvua huamua mengi yaliyo nje ya shamba: nani atauza ng'ombe wa mwisho, binti yupi ataozwa mapema na, katika miaka mibaya, nani atauawa.

Watu husema umaskini huleta uhalifu. Kauli hiyo inawaonea maskini, na haielezi tunayoyaona. Kipato cha mtu wa kawaida Afrika Kusini ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha Mtanzania, lakini polisi wa huko walihesabu zaidi ya watu 27,000 waliouawa katika mwaka wa 2022/23 peke yake. Nchi hiyo ina mali; ina pia pengo kati ya tajiri na fukara ambalo Benki ya Dunia imeliweka miongoni mwa mapana kuliko yote duniani. Nenda Marekani. Mwezi Oktoba 2009 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10, na wengi walitarajia wimbi la wizi. Badala yake wizi na mauaji vilipungua mwaka huo. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ya tofauti ni hii: aliyeachishwa kazi Marekani wakati ule aliendelea kupokea fedha za kujikimu kutoka serikalini, katika baadhi ya majimbo hadi wiki 99. Mkulima wa Meatu mvua ikikatika hana wiki hata moja.

Kwa hiyo tusiulize tu nchi ina umaskini kiasi gani. Tuulize: uchumi ukitikisika, mzigo unamwangukia nani, na huyo ana kinga gani?

Wazee wa Usukumani na Unyamwezi wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuacha hazina tupu na bunduki mikononi mwa watu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, sukari, sabuni na kanga vimetoweka madukani. Ulanguzi ulistawi kiasi kwamba mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako mkubwa wa waliotajwa kuwa wahujumu uchumi. Vijijini bidhaa yenye thamani isiyoshuka ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wakaibwa kwa mtutu wa bunduki. Polisi walikuwa mbali, wachache, bila petroli. Hapo ndipo wanavijiji walipoanzisha sungusungu, walinzi wa jadi wenye pinde na mishale: ikipigwa yowe, kila mwanamume anatoka na kufuata nyayo hadi mifugo ipatikane. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana, na serikali iliyokuwa ikisitasita mwanzoni ikaja kuwapa nafasi kisheria.

Lakini hao hao sungusungu, katika vijiji vingi, baada ya kuwashughulikia wezi waligeukia vikongwe. Wanawake wazee walishutumiwa kwa uchawi, wakatengwa, wakafukuzwa, wengine wakauawa. Mwizi alikuwa na bunduki. Bibi hakuwa na chochote.

Mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza vijiji 67 vya Meatu na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Aliweka kumbukumbu za mvua kando ya kumbukumbu za mauaji. Katika miaka ya mvua isiyo ya kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji ya watu walioitwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa kwa tuhuma za uchawi karibu wote walikuwa wanawake wenye umri mkubwa, na mara nyingi mkono uliowaua ulitoka katika ukoo wao wenyewe.

Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo kila kiongozi angepaswa kulijua. Ingekuwa imani ya uchawi peke yake ndiyo inayoua, basi magonjwa ya mlipuko, ambayo watu wengi huyahusisha na uchawi, yangeongeza mauaji hayo. Hayakuyaongeza. Kilichoyaongeza ni mavuno kuharibika. Imani ilikuwepo mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Njaa ndiyo iliyochagua mwaka.

Mimi naijua njia inayopitwa kutoka njaa hadi mauaji. Mwezi wa tatu mtama unanyauka. Mwezi wa sita pamba haijai hata gunia, na deni la dawa ya wadudu halijalipwa. Michembe, vile viazi vitamu vilivyoanikwa mwaka jana, imekwisha. Mtoto anaugua, ng'ombe anakufa, na mtu anakwenda kwa mganga. Mganga anapiga ramli chonganishi, anataja mwelekeo wa nyumba, na katika nyumba hiyo yumo bibi mjane mwenye macho mekundu. Macho yale yameunguzwa na moshi: huku kuni ni haba, na wanawake wamepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote. Bibi halimi tena, lakini anakula. Hakuna anayesema waziwazi kwamba chakula hakitoshi. Wanasema yeye ni mchawi.

Wanaoua wanastahili kukamatwa na kuhukumiwa, na mganga mchonganishi pamoja nao. Ukame haumwondolei mtu hatia. Ila polisi hufika baada ya panga. Tunachoweza kufanya kabla ya panga ni kumfanya bibi asiwe mzigo mwaka wa njaa.

Na hilo linawezekana. Miguel mwenyewe alipendekeza pensheni kwa wazee. Afrika Kusini, pamoja na matatizo yake yote, hulipa pensheni ya serikali kwa wazee wasio na kipato cha kutosha. Mchumi Esther Duflo alionyesha kwamba pale bibi anapoipokea, wajukuu wa kike walio nyumbani mwake hunawiri kwa uzito na kimo. Bibi huyo ndiye anayelisha. Karibu zaidi na sisi, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, aliyewahi kuajiriwa na asiyewahi, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara tuna TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaonusuru kaya maskini, na umesaidia wengi. Lakini fedha ya kaya huingia mkononi mwa kaya, na ndani ya kaya yenye njaa mjane mzee ndiye wa mwisho kusikilizwa. Pensheni yenye jina lake, inayofika kila mwezi, inabadilisha hesabu ya nyumba nzima: akifa, fedha inakoma.

Ndiyo maana naiomba serikali ya Muungano ilete pensheni ya wazee wote Bara, na ianzie kwenye wilaya kame za Kanda ya Ziwa. Wakati wa kupanga bajeti, fedha hiyo isihesabiwe kuwa sadaka kwa wasiozalisha. Iandikwe pamoja na magari ya polisi na mishahara ya mahakimu, katika fungu la usalama wa raia, kwa sababu kazi itakayofanya ni hiyo hiyo, na itaifanya mapema zaidi.