Kaboni ya tangi la samaki, bei ya Mombasa

Ukitaka kustawisha majani ndani ya tangi la samaki Mombasa, utajikuta sokoni pamoja na viwanda vya soda. Kaboni dayoksaidi inayotia soda povu ndiyo hiyo hiyo inayolisha mimea ya majini. Mzalishaji wake mkubwa nchini, Carbacid, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1961, huitoa ardhini kwenye visima vya asili vya Kereita, Kiambu, zaidi ya kilomita 500 kutoka kisiwa cha Mombasa. Wanaoinunua kwa wingi ni watengenezaji wa vinywaji, mafundi wa kuchomelea na wajazaji wa mitungi ya kuzimia moto, ikiwemo ya meli zinazotia nanga bandari ya Kilindini. Mwenye tangi la lita 100 sebuleni yuko mkiani mwa foleni, na soko humhudumia kwa kadiri hiyo.

Anachohitaji ni kidogo mno. Maji yaliyoachwa wazi huwa na chini ya miligramu 1 ya gesi hii kwa lita. Wanaokuza mimea kwa bidii hulenga kama 30 taa zinapowaka, kisha huifunga usiku. Ikizidi, samaki hupanda juu wakihema. Gharama basi haiko kwenye gesi. Iko kwenye mtungi, kidhibiti cha shinikizo, vali na safari za kwenda kujaza.

Halafu kuna joto. Chini ya nyuzi 31, sehemu ya gesi iliyoshindiliwa mtungini huwa kimiminika, na geji husimama karibu pale pale hadi kimiminika kiishe. Joto likipita hapo, kama linavyopita mchana wa Februari katika vyumba vingi vya Mji wa Kale, kimiminika hutoweka na shinikizo hupanda kwa kasi. Kwa hiyo cha kuaminiwa ni mizani. Mteja anayelipa bila mtungi kupimwa uzito ananunua gizani, na mjazaji anayeushindilia kupita kiasi anamuuzia hatari.

Wengine hukimbilia hamira: chupa, sukari, maji na mpira wa kupitishia gesi. Kilo ya sukari haitoi zaidi ya nusu kilo hivi ya gesi, na kwa joto la pwani hamira hufura kwa fujo siku za mwanzo kisha hulala. Tena kinachobaki chupani ni pombe, na sidhani nyumba nyingi za Mji wa Kale zitaikaribisha.

Ningekuwa na duka kisiwani, ningeanza kuuza mimea. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na ya Kati, hukua polepole bila mtungi wowote. Vallisneria huchota kaboni kwenye bikaboneti ya maji magumu, na hayo hayaadimiki hapa: visima vya Mji wa Kale vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Cha kuchunga ni chumvi. Maji ya kisima yakizidi chumvi, changanya na maji matamu yanayouzwa kwa mkokoteni. Mitungi ningewawekea wanaotaka zulia la majani mafupi au majani mekundu. Hao huwa tayari kulipa.