Tamthilia Hii Inamtumikia Nani?

Jioni Mwanjelwa hapa Mbeya, au Kihesa kule Iringa, watu huitumbulia macho tamthilia. Likija tangazo la sabuni, mama huinuka kugeuza ugali. Anajua hiyo ni biashara. Je, mchezo wenyewe hauuzi kitu?

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha "Twende na Wakati". Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, mwishowe aliugua UKIMWI. Ilikuwa burudani, lakini visa vilipangwa makusudi kufundisha kujikinga na uzazi wa mpango. Mbinu hiyo ilitoka Meksiko, ambako Miguel Sabido aliitumia kwenye televisheni miaka ya 1970: mtu mwema, mtu mbaya, na anayeyumba katikati. Huyo wa katikati ndiye sisi; akibadilika, nasi hubadilika. Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili matokeo yapimwe. Kulikosikika, uzazi wa mpango uliongezeka zaidi.

Dawa ile ilikuwa njema. Lakini sindano hiyo hiyo yaweza kubeba bia au sifa za mgombea: chupa ikageuzwa lebo itazame kamera, au shujaa akavaa rangi za chama. Tangazo hubisha hodi. Ujumbe uliofichwa huingia kimya kimya.

Basi tamthilia ikiisha usizime haraka. Soma majina ya wafadhili, kisha waulize watoto: nani amelipa, naye anataka tufanye nini?