Bunduki ya marehemu: kwa nini silaha hairithiwi kama shamba

Mzee mmoja anafariki dunia kijijini. Baada ya arobaini ukoo unakaa kugawa mirathi: shamba, ng'ombe, nyumba ya bati, cherehani ya mama. Juu ya dari kuna bunduki ambayo marehemu aliimiliki kwa leseni kwa miaka mingi, akiitumia kufukuza nguruwe pori na nyani waliokuwa wakimaliza mahindi yake. Mtoto wa kwanza anaichukua kama anavyochukua jembe, na hakuna anayepinga. Kuanzia siku hiyo, bila kumtishia mtu wala kufyatua risasi hata moja, kijana huyo ni mtu anayemiliki silaha bila leseni, na hilo ni kosa la jinai.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hali yenyewe ipo katika familia nyingi. Ndiyo maana Serikali, kupitia Jeshi la Polisi, ilipotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari kati ya Septemba na Oktoba mwaka 2022, na tena katika miezi hiyo hiyo mwaka 2023, waliolengwa hawakuwa wahalifu pekee. Walikuwemo pia watu waliobaki na silaha za ndugu waliofariki, ambazo hapo awali zilimilikiwa kihalali. Waliosalimisha ndani ya muda uliowekwa waliahidiwa kutoshtakiwa kwa kosa la kumiliki silaha hizo.

Swali ambalo wengi huuliza ni la haki kabisa. Ikiwa bunduki ilinunuliwa kwa fedha halali na marehemu alikuwa na karatasi zote, kwa nini isirithiwe kama mali nyingine?

Jibu liko katika namna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Sura ya 223, inavyoitazama silaha. Sheria hiyo haimpi mtu haki ya kumiliki bunduki, inampa ruhusa. Ruhusa hiyo hufunga pamoja mambo matatu: mtu aliyechunguzwa, silaha inayotambulika kwa aina na namba zake, na sababu iliyokubaliwa. Mwombaji huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaomfahamu, na maombi yake hupitia ngazi za juu za ulinzi na usalama kabla ya kufikia mamlaka ya kutoa leseni. Katika safari hiyo yote linalopimwa ni mwenendo wake, akili yake timamu, uwezo wake wa kuitunza silaha na hitaji lake. Mtu huyo akifariki, kiungo cha kwanza kati ya vile vitatu kimekatika. Chuma kimebaki, lakini ruhusa imekwenda na mwenyewe. Mwanawe anaweza kuomba leseni kwa jina lake mwenyewe, naye atachunguzwa upya kama mwombaji mwingine yeyote. Uadilifu wa baba haurithiwi.

Wapo wanaoona utaratibu huu unamnyang'anya raia haki yake ya kujilinda. Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara, na ni vema yakatenganishwa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 14, inatambua haki ya kila mtu ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Kanuni ya Adhabu nayo inamruhusu mtu kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali, ilimradi nguvu anayotumia iwe ya kiasi kinachostahili hatari iliyopo. Haki ya kujitetea, kwa hiyo, ipo na haihitaji leseni. Ambacho sheria haikukiweka ni haki ya kujitetea kwa chombo fulani mahususi. Mwenye kuvamiwa usiku anaweza kujitetea kwa alichonacho; hawezi kudai kwamba dola ina wajibu wa kumruhusu awe na bastola.

Mjadala huu umekuwa mkali zaidi nchini Marekani, na kwa kuwa hoja zake husikika hapa kupitia filamu na mitandao ya kijamii, inafaa kuona unasimama juu ya nini. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yana sentensi moja tu. Sentensi hiyo huanza kwa kutaja wanamgambo waliopangwa vizuri kuwa ni lazima kwa usalama wa taifa huru, kisha inasema haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzibeba isiingiliwe. Kwa zaidi ya karne mbili wanasheria wamebishana kama sehemu ya kwanza inaifunga ya pili. Mwaka 2008, katika shauri la Heller lililohusu marufuku ya bastola katika jiji la Washington, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, hata asiye mwanamgambo, kwa ajili ya kujilinda nyumbani kwake. Hata hivyo, Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi wa waliokuwa wengi, alieleza kuwa haki hiyo ina mipaka.

Uamuzi uliofuata mwaka 2022, katika shauri la Bruen, ndio unaoonyesha vizuri zaidi umbali uliopo kati ya mifumo hii miwili. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20 iliyomtaka anayetaka kubeba bastola hadharani aonyeshe sababu mahususi ya kuihitaji. Mahakama iliifuta kwa kura 6 dhidi ya 3, ikisema kwamba raia hapaswi kueleza hitaji maalumu ili atumie haki ambayo Katiba imekwisha kumpa. Kinachodaiwa kwa mwombaji wa Tanzania kama hatua ya kwanza ndicho kilichoonekana New York kuwa uvunjaji wa Katiba. Lakini hata huko kamba haikulegezwa yote: mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, Mahakama hiyo hiyo ilikubali kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ya kumtishia mwenzi wake anaweza kuzuiwa kuwa na silaha.

Anayenukuu hoja za Marekani katika mazungumzo ya Tanzania hana budi kukumbuka kwamba Katiba hizi mbili zinaanzia mahali tofauti. Ya Marekani iliandikwa na watu waliokuwa wametoka vitani dhidi ya mfalme, wakiliogopa jeshi la kudumu na kuwategemea wanamgambo wa majimbo. Katiba ya Tanzania inaelekea upande mwingine kabisa: Ibara ya 147 inapiga marufuku mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda au kuweka jeshi la aina yoyote. Mgambo wa Tanzania wapo, lakini wako chini ya dola, na bunduki wanazobeba si zao.

Hoja yenye uzito zaidi dhidi ya udhibiti inatoka karibu zaidi, kwa wafugaji wa kaskazini mwa Uganda na Kenya. Serikali ya Uganda ilianza zoezi la kukusanya silaha kwa hiari huko Karamoja mwishoni mwa mwaka 2001. Waliokubali walikabidhi bunduki zao kwa ahadi ya kulindwa. Mwaka uliofuata sehemu ya jeshi ilihamishwa kwenda kupambana na waasi wa LRA, na waliosalimisha wakajikuta wakivamiwa na majirani ambao hawakusalimisha. Wengi walitafuta bunduki nyingine. Zoezi liliporudi kuanzia mwaka 2006 lilikuwa la nguvu, kwa vijiji kuzingirwa na kupekuliwa, na liliacha malalamiko makubwa. Nchini Kenya, mwezi Februari mwaka 2023, Serikali ilitoa siku tatu za kusalimisha silaha katika kaunti sita za Bonde la Ufa na maeneo jirani yaliyokumbwa na ujambazi wa mifugo, kisha ikapeleka jeshi kusaidiana na polisi. Hata huko baadhi ya wazee waliuliza lile lile: nikitoa yangu leo, nani atasimama kwenye zizi langu kesho usiku?

Swali hilo halijibiwi kwa kifungu cha sheria. Ruhusa inayotolewa na dola badala ya haki ina maana pale tu ulinzi wa dola unapofika. Kituo cha polisi kilicho umbali wa siku nzima kwa miguu ni sehemu ya mjadala wa silaha kama ilivyo leseni.

Kuna pia sababu ya kikanda. Bunduki haiheshimu mpaka. Iliyopotea katika vita vya nchi moja huuzwa katika nchi nyingine. Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, inazitaka nchi wanachama kuweka alama na kumbukumbu za silaha zote na kuzuia raia kumiliki bunduki za kivita. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoharibika bunduki ya marehemu inapobaki darini. Katika daftari bado ni ya mtu aliyekwisha zikwa, na ikiibwa hakuna anayethubutu kutoa taarifa, kwa kuwa kutoa taarifa ni kujishtaki.

Magobole yanahitaji kutajwa peke yake, kwani wengi huamini si silaha hasa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika lakini ukaacha nafasi kwa zile za gumegume, na pengine hiyo ni sababu mojawapo ya bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni kuzoeleka vijijini hadi mafundi wa kienyeji wakajifunza kuzitengeneza. Gobole lililofuliwa na fundi wa kijijini, lisilo na namba wala leseni, ni silaha haramu hata kama limetumika kuwinda kanga tu.

Kwa familia iliyofiwa, hatua ya kwanza ni kutoigusa silaha zaidi ya lazima na kutomkabidhi mtu yeyote, hata kwa kuhifadhi tu. Msimamizi wa mirathi au mkubwa wa familia atoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, akiwa na leseni ya marehemu ikiwa inapatikana pamoja na uthibitisho wa kifo, na aeleze risasi zilizobaki ni ngapi. Ni salama zaidi kutoa taarifa kwanza na kupewa maelekezo kuliko kupita barabarani na bunduki begani. Katika vipindi vya msamaha, silaha hupokelewa pia katika ofisi za Serikali za Mitaa na kwa watendaji wa kata, kama tangazo husika linavyoelekeza. Mrithi anayeihitaji kwa shughuli halali hafungiwi mlango: ataomba kwa jina lake, na wakati maombi yakishughulikiwa silaha itakaa mikononi mwa polisi, si nyumbani kwake.