Uvimbe wa titi: Uliza unalishwa na nini

UKIPITA katika soko la Gakoromone mjini Meru, au katika soko la mji wa Embu, utawaona akina mama wakitia noti kifuani baada ya kuuza ndizi na mboga. Wengi wameonywa na majirani kwamba pesa hizo ndizo huleta saratani ya titi. Wengine huamini kuwa ugonjwa huu hutokana na pigo au kurogwa.

Imani hizo si za kweli. Lakini swali lililo nyuma yake ni zuri: ni kitu gani hasa hugeuza titi lenye afya likashikwa na saratani?

Jibu limo ndani ya seli, yaani zile chembechembe hai zinazojenga kila kiungo cha mwili. Kila mgonjwa anafaa kulifahamu, kwa sababu ndilo linaloamua dawa atakayopewa.

Wajumbe na masikio

Seli ya titi haijiamulii kukua. Husubiri amri. Amri hizo huletwa na kemikali ambazo wataalamu huziita vichocheo vya ukuaji, zikisaidiana na homoni kama vile estrojeni. Seli nayo ina vipokezi, ambavyo unaweza kuvifananisha na masikio. Mjumbe akifika na kushikana na kipokezi chake, habari hupitishwa hadi kwenye kiini, na seli hugawanyika ikawa mbili.

Kichocheo kimoja kinachojulikana sana ni EGF, kilichogunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani. Mwaka wa 1986, yeye na Rita Levi-Montalcini, mzaliwa wa Italia, walipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi wa vichocheo vya ukuaji.

Katika mwili wenye afya, amri hizi ni za manufaa. Ndizo humfanya msichana aote matiti anapobaleghe, na ndizo hutayarisha titi kutoa maziwa wakati wa mimba. Mtoto akiachishwa kunyonya, amri hukoma. Seli nyingi zilizotengeneza maziwa hufa, na titi hupungua.

Amri isiyokoma

Saratani huanza pale jeni, yaani maagizo yaliyomo ndani ya seli, yanapoharibika. Chukua mfano wa jeni iitwayo HER2. Seli ya kawaida ina nakala mbili tu za jeni hiyo. Kwa wagonjwa takriban 15 hadi 20 kati ya kila 100, nakala hizo huongezeka kupita kiasi. Masikio hujaa juu ya seli, yakabanana na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Seli husikia amri ya kukua hata kama hakuna mjumbe aliyetumwa.

Kwa wagonjwa wengi zaidi, kama 70 kati ya kila 100 duniani, uvimbe hulishwa na estrojeni. Wapo pia wasio na kipokezi cha estrojeni, cha projesteroni wala wingi wa HER2. Aina hii ya tatu huonekana zaidi kwa wanawake weusi kuliko wazungu.

Kuna mjumbe mwingine aitwaye TGF-beta. Mwanzoni huyu ni breki, kwani huzuia seli kugawanyika ovyo. Lakini saratani ikikomaa humgeuza kuwa msaidizi wake. Seli huachana na jirani zake, hubadili umbo na kuanza kutembea. Ndivyo ugonjwa unavyotoka kwenye titi na kufika kwenye mifupa, mapafu au ini.

Dawa hufuata mjumbe

Mwaka wa 1987, Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wenye nakala nyingi za HER2 walikuwa wakirudiwa na saratani mapema na kufa haraka. Utafiti huo ulisaidia kuleta dawa ya trastuzumabu, inayouzwa kwa jina la Herceptin, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Dawa hii huziba kipokezi cha HER2. Anayelishwa na estrojeni naye hupewa vidonge kama tamoksifeni.

Ukimpa mgonjwa wa HER2 tamoksifeni peke yake, adui anabaki mezani akila. Na ukimpa trastuzumabu asiye na wingi wa HER2, unapoteza pesa na wakati bure.

Kipande cha nyama kitunzwe

Msomaji, hapa ndipo mambo huharibikia. Vipokezi havionekani kwa macho wala kwa picha ya eksirei. Ni lazima daktari akate kipande kidogo cha uvimbe, nacho kipimwe maabara. Kipande hicho kinafaa kutiwa katika fomalini ndani ya saa moja. Kikikaa kwenye chupa kavu kikisubiri matatu ya kwenda mjini, alama za vipokezi huweza kupotea, na majibu yakasema hakuna kumbe kipo.

Kwa hivyo usiogope kumuuliza daktari: Je, kipande changu kimetiwa dawa? Kitapimwa estrojeni, projesteroni na HER2? Majibu yakitoka, omba nakala na uiweke pamoja na kitambulisho chako. Ukihamishwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Meru au ile ya Embu Level 5 hadi Kenyatta, karatasi hiyo itakuepusha kuanza upya.

Gharama ilikuwa kizuizi kikubwa. Mwaka wa 2025, serikali na kampuni ya Roche walitia saini mkataba ulioshusha bei ya Herceptin kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa kila dozi, zilipwe na SHA. Lakini bila karatasi ya kipimo, hakuna atakayejua kama dawa hiyo inakufaa.

Inakadiriwa kuwa Wakenya wapatao 6,800 walipatikana na saratani ya titi mwaka wa 2020. Jichunguze kila mwezi, siku chache baada ya hedhi. Ukihisi uvimbe, hata usiouma, usingoje mavuno ya kahawa wala bonasi ya majani chai. Nenda hospitalini, na ukifika huko, uliza unalishwa na nini.