Ngwara ya Dakika Tatu

Kijana mmoja wa hapa Misungwi, aliyekuwa akingoja matokeo ya kidato cha nne, alikuwa na raha moja kila jioni: kucheza sataranji katika simu na watu wa nchi za mbali. Kila mchezaji hupewa dakika tatu kwa mchezo mzima. Zikiisha kabla ya mchezo kumalizika, kwa kawaida umeshindwa, hata kama kete zako ni nyingi.

Kijana huyu alikuwa na hila yake. Akicheza na kete nyeusi, mwenzake akianza kwa kumsogeza askari wa malkia hatua mbili, yeye humtoa askari wa mfalme hatua mbili, aliwe bure. Hila hii huitwa Gambiti ya Englund, kwa jina la Mswidi mmoja. Neno gambiti lasemwa kuwa liliingizwa katika sataranji na Padre Ruy López wa Hispania, katika kitabu chake cha mwaka 1561. Asili yake ni Kiitaliano, na maana yake ni kumkata mtu ngwara katika mieleka.

Na kweli ni ngwara. Askari akishaliwa, malkia mweusi hutoka mapema, akaingia mpaka ndani kwa weupe na kula askari. Mweupe, kwa hasira na haraka, humfukuza kwa kete ile ambayo Waingereza huiita Askofu. Kumbe ndipo ulipo mtego! Katika zamu ya nane mfalme mweupe amekwisha. Lakini mweupe akitulia, akamtoa farasi badala ya Askofu, mtego haufyatuki. Malkia mweusi hubaki peke yake ugenini, na wenzake wangali wamelala nyumbani. Si kila gambiti ni mbovu, lakini hii ni mbovu, na mabingwa wajua hivyo.

Mbona basi kijana alishinda kila jioni? Kwa sababu jibu lataka kufikiri, na mwenye dakika tatu huogopa kufikiri. Mkono hutangulia, kichwa hufuata nyuma.

Jumapili moja kijana akamkuta mwalimu mmoja mstaafu, amekaa kivulini na ubao wake wa sataranji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa tucheze."

Kijana akafurahi, akaweka hila yake. Mzee akamla askari. Malkia mweusi akatoka mbio. Mzee akaegemea kiti, akanywa chai yake taratibu, akatazama ubao mpaka kikombe kikaisha. Kisha akamsogeza farasi. Kijana akashindwa mchezo huo, na wa pili, na wa tatu.

"Mwalimu," akasema kwa haya, "katika simu hakuna anayecheza hivi."

"Mjukuu wangu, wale hukuwashinda wewe. Saa yao ndiyo iliyowashinda. Nawe miezi yote hii umejifunza nini, ila kungoja wenzako wakosee?"

Neno hilo likamwuma kijana, akarudi nyumbani kimya.

Haikupita wiki mbili, mama yake akapigiwa simu. Sauti ikasema: "Mtoto wako wa bweni ameanguka, yuko hospitali, tuma fedha sasa hivi apasuliwe, usipoteze dakika!" Mama alikuwa ameuza mpunga siku mbili nyuma, na fedha zote za karo zilikuwa katika simu. Akaanza kubonyeza namba, mikono ikitetemeka.

Kijana akamshika mkono. "Mama, ngoja kwanza. Huyu mbona atunyima nafasi ya kufikiri?"

Wakaitafuta barua ya shule, wakapiga namba ya mwalimu mkuu iliyoandikwa humo. Wakangoja, na kungoja kule kulikuwa kuchungu. Kisha mtoto mwenyewe akaletwa kwenye simu, mzima, akauliza kama wamemletea sabuni.

Kijana angali anacheza sataranji. Siku hizi huchagua michezo ya dakika thelathini, na mara nyingi hushindwa. Lakini Jumapili iliyopita alimsumbua mzee hata chai ikapoa.

Wapendwa wasomaji, mtu akikuharakisha, tazama kwanza mguu wake uko wapi.